JE, MWANGAZA UNAWEZA KUPATA RANGI MPYA NDANI YA LIKIDI?

Somo la Fizika kwa kalasi za juu, na kwa kila mtu anayependa kusoma



Safari hii sileti somo peke yake. Ninaleta pia masahihisho, na kosa lenyewe si la mwanafunzi, ni la mwalimu.

Mu trimestri iliyopita niliwapa interogasio, na swali la tatu lilikuwa hivi: "Mwangaza mwekundu ukiingia mu maji, rangi yake inabadilika ao haibadiliki? Eleza." Karibu wote mliandika kama vile iko mu kaye: mbio zinapunguka, urefu wa wimbi unapunguka, lakini frekwensi inabaki ile ile, basi rangi haibadiliki. Vizuri. Lakini mwanafunzi mmoja aliongeza maneno haya: "Lakini mwangaza ukiwa na nguvu sana labda itabadilika, sababu kila kitu ukikisukuma sana kinabadilika." Nilipiga kalamu nyekundu juu ya maneno yale, nikamkata pointi mbili. Nilifikiri anataka kujaza karatasi tu.

Wakati wa likizo nilisoma juu ya fibra zinazojazwa likidi, na mambo yanayotokea mwangaza wa lazeri unapopita ndani yake. Kumbe yule mtoto alikuwa na haki. Kwa hiyo ninapashwa kueleza jambo lote tangu mwanzo, kusudi kila mtu aone kanuni yetu inasimama wapi na inaanguka wapi.

MWANGAZA UNAOFUATA MAJI

Tuanze na kitu ambacho kila mtu anaweza kujaribu kwao. Twaa chupa ya plastiki, toboa tundu ndogo kwa msumari karibu na chini, jaza maji. Usiku, ao mu chumba chenye giza, weka taa ya telefone upande wa pili wa chupa, itazamane na ile tundu. Maji yanatoka na kupindika kuelekea mu beseni. Sasa weka kidole mu maji pale yanapoanguka: kidole kinaangaa! Mwangaza umefuata maji, umepindika pamoja nayo, ijapokuwa kila mwaka tunafunza ya kwamba mwangaza unakwenda kwa njia iliyonyoka. Daniel Colladon alionyesha jambo hili kule Genève mwaka wa 1841, na John Tyndall akalionyesha London mwaka wa 1854.

Sababu yake mnaijua: ni indisi. Indisi ni hesabu inayotuambia mbio za mwangaza zimepunguzwa mara ngapi. Hewa iko na 1, maji 1,33, kioo safi cha silika 1,46. Mwangaza ulio ndani ya indisi kubwa, ukipiga ukuta wa indisi ndogo kwa kulala sana, hautoki tena; unarudishwa wote ndani. Fibra za simu zimejengwa juu ya jambo hilo hilo: katikati kioo cha indisi kubwa kidogo, kando kioo cha indisi ndogo. Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakitumika Uingereza, walionyesha mwaka wa 1966 ya kwamba kioo kikisafishwa vizuri kinaweza kubeba mazungumzo ya simu mbali. Mwaka wa 1970 watu wa kampuni Corning, Marekani, wakafikia kioo cha namna ile. Kao alipewa zawadi ya Nobel mwaka wa 2009. Hapa kwetu Kongo, kamba ya WACS inayopita chini ya bahari ilianza kazi Muanda mwaka wa 2013. Ndani yake mwangaza unapita mu nyuzi za kioo.

Sasa, kuko jambo moja ambalo watu wengi wamesahau. Mu miaka ile ya 1971 na 1972 kioo hakikuwa kimeshinda bado. Watu wa Southampton, watu wa Bell kule Marekani, na wengine kule Australia walitwaa mrija wa kioo mwembamba sana, wakaujaza likidi. Kwa lugha yetu likidi ni kila kitu chenye kumwagika: maji, alkoli, petroli. Wao walichagua likidi yenye indisi kubwa kuliko kioo, kwa mfano tetrakloroetileni, ile inayosafisha nguo za sufu bila maji. Indisi yake ni 1,50 na kidogo. Mwangaza ukakaa ndani ya likidi sawa na mu maji ya chupa yetu.

Kwa simu, kioo kilishinda, na ninaona ni haki. Nani anataka simu ambayo inaweza kuvuja? Lakini likidi ilibaki na nguvu moja inayoweza kupita ile ya kioo. Nguvu ile ni kuzaa rangi.

BAFLE YA KANISA

Mnajua bafle ya kanisa. Mwimbaji akiimba polepole mbele ya mikro, bafle inarudisha sauti ile ile, kubwa zaidi tu. Lakini kijana anayeshika mashini akigeuza kifungo mpaka mwisho, sauti inakwaruza na kupasuka. Kunatoka sauti ambazo hazikutoka mu kinywa cha mwimbaji yeyote. Sababu gani? Ile ngozi ya bafle imesukumwa kupita kipimo chake, haiwezi tena kufuata sawasawa. Ukipima, utakuta frekwensi mpya: mara mbili ya ile ya kwanza, mara tatu, na michanganyiko yake.

Elektroni za kioo ao za likidi ziko sawa na ngozi ya bafle. Mwangaza unazitikisa, nazo zinarudisha mwangaza. Zikitikiswa kidogo, zinarudisha kile kile. Zikitikiswa sana, zinarudisha na kitu kingine. Shida ni kwamba mwangaza wa jua na wa taa zetu ni mwimbaji wa sauti ndogo mno. Ilipashwa kungoja lazeri ya kwanza, ile ya Theodore Maiman, mwaka wa 1960. Mwaka uliofuata Peter Franken na wenzake, Universite ya Michigan, walipitisha mwangaza mwekundu wa nanometa 694 mu jiwe la kwatzi, na upande wa pili wakapata, pamoja na ule mwekundu, mwangaza kidogo sana wa nanometa 347: frekwensi mara mbili kamili. Watu wa kwaya wataita hiyo oktavi. Na walipochapa picha katika gazeti Physical Review Letters, kile kitone kidogo cha rangi mpya hakikuonekana. Watu wa fizika wanasimulia ya kwamba kilifutwa mbele ya kuchapwa kwa kudhani ni uchafu. Mpaka leo mshale mu picha unaonyesha pahali patupu. (Basi si mimi peke yangu niliyefuta jambo la kweli kwa kalamu.)

Mu kioo na mu likidi ile njia ya "mara mbili" imefungwa, kwa kuwa molekuli zinaelekea pande zote, hakuna kushoto wala kuume. Inabaki njia ingine: mwangaza wenye nguvu unageuza indisi yenyewe. Mtu wa kwanza aliyeona indisi ikitii nguvu ya namna hii ni John Kerr, mwaka wa 1875. Ninapenda kumtaja, sababu hakuwa mtu wa labo kubwa. Alikuwa mwalimu wa matematika katika chuo cha Free Church cha kufunzia walimu, kule Glasgow. Yeye alitumia umeme, kwanza juu ya kioo, kisha juu ya likidi, na kati ya likidi zile moja ilionyesha jambo kwa nguvu sana: disulfidi ya karboni, ambayo wale wa kimia wanaiandika CS2. Shikeni jina hilo. Mwangaza nao ni umeme unaotikisika. Ukiwa na nguvu ya kutosha, unafanya wenyewe kazi ile ambayo umeme wa Kerr ulifanya.

NGUVU INATOKA WAPI? HESABU

Hapa mtu atauliza: nguvu hiyo ni ya mashini kubwa kama kiwanda? Hapana. Tazameni.

Tuseme ndani ya mrija ni mviringo wa mikrometa 5. Eneo lake ni karibu 0,00000000002 ya meta mraba. Miliwati 1 tu ya lazeri ikiingia pale, nguvu kwa meta mraba moja ni wati milioni 50. Jua la saa sita linatoa wati 1000 hivi kwa meta mraba. Basi miliwati moja, nguvu isiyoweza kuchemsha hata tone la maji, ndani ya mrija ule inapita jua mara 50.000.

Sasa twaa lazeri isiyowaka mfululizo lakini inayopiga mapigo mafupi. Nanojuli 1 ndani ya femtosekunde 460 (femtosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa kwa milioni, kisha tena kwa bilioni) inafanya kilowati 2 na kidogo. Ni nguvu ya birika ya umeme, lakini yote imesongamana ndani ya mrija mwembamba kuliko unywele, na mpigo wenyewe una urefu wa sehemu ya kumi ya milimeta hivi, unene wa karatasi hii unayoshika.

Ungeweza kusema: lensi inatosha, kwa kuwa lensi pia inakusanya mwangaza. Ni kweli, lakini lensi inaukusanya pahali pamoja tu. Mwangaza uliobanwa mpaka mikrometa 5 unatawanyika tena mbele ya kupita sehemu ya kumi ya milimeta. Fibra haiachi mwangaza utawanyike. Inaushika umebanwa hivyo kwa sentimeta kumi, kwa meta moja, kwa meta kumi. Jambo dogo sana linalorudiwa njiani mwote linakuwa kubwa.

KWA NINI LIKIDI, SI KIOO?

Molekuli ya CS2 ni kama fimbo fupi iliyonyoka: salfa, karboni, salfa. Mu kioo atomu zimefungwa, haziwezi kugeuka. Mu likidi zile fimbo zinaelea zimechanganyika, sawa na mitumbwi isiyofungwa mu maji yaliyotulia. Mwangaza wenye nguvu unapopita, unazivuta zilale kwa upande wake, na zikilala hivyo indisi inaongezeka. Ndiyo maana CS2 inaweza kupita silika karibu mara mia kwa kugeuzwa na mwangaza.

Lakini angalieni: fimbo haigeuki palepale. Inataka muda wa pikosekunde moja ao mbili hivi, yaani femtosekunde elfu na zaidi. Mpigo ukiwa mrefu kuliko hapo, likidi inatoa nguvu yake yote. Mpigo ukiwa mfupi sana, elektroni tu ndizo zinafuata, na ile faida ya mara mia inapunguka sana. Na hata mpigo ukiisha kupita, fimbo bado zinalala kidogo mbele ya kuchanganyika tena. Tuseme likidi inakumbuka. Kioo karibu hakikumbuki kitu. Kwangu mimi hili ndilo jambo zuri kupita yote mu somo hili: mwangaza wa nyuma unakuta njia iliyogeuzwa na mwangaza wa mbele.

Kuko faida ingine. Vifungo vya hidrojeni, kama vile O-H ya maji na C-H ya alkoli, vinameza mwangaza wa infraruji. CS2 haina hidrojeni hata moja, wala tetrakloroetileni. Basi infraruji inapita mu likidi hizo pahali ambapo maji yangeizima.

NJIA YA KWANZA: BARIERI

Rangi mpya zinazaliwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya Raman. Chandrasekhara Venkata Raman na mwanafunzi wake K. S. Krishnan, kule Calcutta, Uhindi, mwaka wa 1928, walipitisha mwangaza mu likidi nyingi na kuona ya kwamba sehemu ndogo sana inatoka na rangi ingine. Mara ya kwanza walitumia jua, pamoja na vioo vya rangi vya kuchuja. Raman alipata zawadi ya Nobel mwaka wa 1930.

Nitaeleza kwa mfano wa barieri ya njiani. Kila molekuli iko na mtikisiko wake, na mtikisiko ule una bei yake isiyobadilika. Chembe ya mwangaza ikiitikisa molekuli, inalipa bei ile, kisha inaendelea na feza kidogo zaidi. Kwa mwangaza, kupungukiwa na feza ni kusogea upande wa nyekundu. Bei tunaiandika kwa hesabu ya mawimbi ndani ya sentimeta moja. Kwa CS2 bei ni 656.

Twaa lazeri ya rangi ya majani mabichi, nanometa 532. Mu sentimeta moja kuko mawimbi 18.797. Barieri ya kwanza: 18.797 toa 656, inabaki 18.141, ni nanometa 551. Barieri ya pili: 17.485, ni nanometa 572, tunafika kwenye manjano. Ya tatu: 16.829, nanometa 594, rangi inaanza kuwa ya chungwa. Lazeri moja, likidi moja, na rangi zinashuka kama ngazi.

Kwa nini hatuoni hivyo mu glasi ya maji? Sababu wale wanaolipa ni wachache mno. Mu fibra kunaongezeka jambo: chembe iliyokwisha kulipa inaita zingine zilipe pamoja nayo, na zile zinaita zingine, hata mwisho sehemu kubwa ya mwangaza imehama rangi. Erich Ippen, wa labo ya Bell, mwaka wa 1970 alijaza CS2 mu fibra ya kioo yenye tundu, akapata Raman ya namna hiyo kwa lazeri yenye nguvu ndogo. Kule Ufaransa, mwaka wa 2005, walifanya na alkoli. Alkoli iko na indisi 1,36, ndogo kuliko kioo, kwa hiyo mrija wa kawaida haungeishika; walitumia fibra yenye matundu mengi madogo kuzunguka katikati. Bei ya alkoli ni kubwa, karibu 2.930. Waliingiza rangi ya majani, nanometa 532. Ilitoka nyekundu, nanometa 630. Mwanafunzi wangu angekuwako pale, angenionyesha kwa kidole.

NJIA YA PILI: RANGI NYINGI KWA MARA MOJA

Njia hii ni ngumu kidogo, msome polepole.

Mpigo wa mwangaza una mbele, una katikati yenye nguvu, una nyuma. Nguvu inapopanda, indisi inapanda nayo, na mawimbi yanayokuja yanacheleweshwa kidogo: nafasi kati yao inavutika. Mawimbi yaliyovutika ni marefu zaidi, basi mbele ya mpigo kunasogea upande wa nyekundu. Nguvu inaposhuka, indisi inashuka, mawimbi ya nyuma yanakimbilia yale ya mbele na kubanana: nyuma kunasogea upande wa bulu. Mpigo ulioingia na rangi moja unatoka na rangi nyingi. Na mu likidi inayokumbuka, indisi haishuki upesi, kwa hiyo upande wa bulu unakuwa dhaifu kuliko upande wa nyekundu. Kumbukumbu ya likidi inaonekana mu rangi!

Lakini rangi haziendi mbio sawasawa, na kwa kawaida mpigo ungetawanyika na kupoteza nguvu. Kuko mawimbi fulani ya infraruji ambayo kwayo, mu fibra iliyopimwa vizuri, bulu inakwenda mbio kuliko nyekundu. Fikirini: nyekundu iko mbele, bulu iko nyuma, na bulu ina mbio zaidi. Ya nyuma inafikia ya mbele, mpigo unajishika wenyewe, hautawanyiki. Wimbi la namna hii linaitwa solitoni. Wa kwanza kuliona alikuwa John Scott Russell, mwaka wa 1834, si mu mwangaza lakini mu maji ya mfereji karibu na Edinburgh; aliona wimbi moja tu likitembea bila kuanguka, akalifuata juu ya farasi. Mpigo wa mwangaza ukiwa na nguvu kupita kipimo cha solitoni moja, unabanwa, kisha unapasuka, na mu kupasuka unatupa rangi mbali pande zote mbili.

Kule Jena, Ujerumani, mwaka wa 2017, Mario Chemnitz, Markus Schmidt na wenzao walitangaza kazi yao juu ya fibra iliyojazwa CS2. Waliingiza mapigo ya femtosekunde 460, mikrometa 1,95, kwa nguvu ya kiasi cha nanojuli tu. Ilitoka infraruji yenye kuenea oktavi nzima. Na mu matokeo yale, pamoja na hesabu za kompyuta, walikuta alama za solitoni ya namna mpya, inayochanganya kazi ya haraka ya elektroni na kazi ya polepole ya zile fimbo zinazogeuka. Kabla yao, mwaka wa 2010, watu wa Ujerumani walikuwa wamejaza maji, ndiyo, maji tu, mu fibra yenye matundu, wakapata mwangaza tangu nanometa 410 hata 1640. Hesabuni: 410 mara mbili ni 820, mara mbili tena ni 1640. Oktavi mbili.

KUJAZA MRIJA, NA HATARI ZAKE

Mama akiweka utambi mu taa ya petroli, hakuna mtu anayesukuma petroli ipande. Inapanda yenyewe. Mrija unajazwa vilevile: unagusisha mdomo wake mu likidi, nayo inaingia. Kuko hesabu ya Edward Washburn, ya mwaka wa 1921, inayoonyesha ya kwamba muda unakwenda na mraba wa urefu. Nimepiga hesabu ile kwa CS2 na mrija wa mikrometa 5: sentimeta 20 zinataka dakika 6 hivi, meta 1, saa mbili na nusu, meta 10, zaidi ya siku kumi! Mwenye kutaka fibra ndefu atumie pampu ao awe na saburi.

Likidi iko na tabia ingine: joto linaigeuza sana. Indisi yake inashuka likidi inapopashwa, na inageuka zaidi sana kuliko ile ya kioo. Zamani waliona hiyo kama shida. Wale wa Jena, mwaka wa 2018, waliigeuza kuwa faida: kwa kupasha ao kupoza fibra waliongoza solitoni na rangi zinazotoka, bila kukata wala kujenga fibra mpya. Kioo hakikubali hivyo kirahisi.

Sasa onyo, na ninaomba walimu wa kimia wanisaidie kulirudia. CS2 si ya kuchezea. Inachemka kwa digri 46. Mvuke wake unashika moto hata mu baridi kali, na bomba la maji ya moto linatosha kuuwasha bila kibiriti. Mtu akiivuta siku nyingi inaharibu mishipa ya fahamu. Isiletwe mu labo yetu. Na zile lazeri ndogo za majani mabichi zinazouzwa sokoni, msitazame ndani yake wala msimulike mwenzenu usoni hata kwa mchezo. Jicho likichomwa ndani halishonwi. Jaribio la chupa na taa ya telefone linatosha.

MASAHIHISHO YENYEWE

Basi jibu la swali la tatu liandikwe hivi mu kaye: "Mwangaza dhaifu ukipita toka hewa kuingia mu maji, frekwensi yake haibadiliki. Mwangaza wenye nguvu sana unaweza kuzaa frekwensi mpya." Wale wanaojitayarisha kwa Ekzame ya Serikali wajue: mkiulizwa juu ya mwangaza wa kawaida, jibuni kama vile kitabu kinavyosema, kwa kuwa hapo kitabu kiko na haki. Nusu ya pili muiweke kichwani.

Pointi mbili za mwanafunzi yule nimekwisha kuzirudisha, na Bwana Prefe ametia sahihi. Zinampandisha toka 48 hata 50 kwa mia, maana yake hatarudilia fizika. Nilimwita kumwambia mwenyewe. Aliniuliza tu: "Mwalimu, sasa maji yakishakumbuka, yanasahau nyuma ya muda gani?" Jibu liko juu mu somo hili, alitafute.

Kwa wengine: benzeni iko na bei ya 992. Lazeri ni ile ile ya nanometa 532. Tafuteni rangi mbili za kwanza zitakazotoka. Kisha: kama sentimeta 20 za mrija zinajaa kwa dakika 6, sentimeta 40 zitajaa kwa dakika ngapi? (Wenye kujibu 12 warudilie kusoma.) Majibu yatiwe mu sanduku karibu na mlango wa labo, mbele ya kuchapwa kwa namba inayofuata.

Mwalimu wa Fizika